Dubu yuko barabarani, tulia hapo hapo
Jamani, nimekuja kuona Brooks Falls, maporomoko ya maji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katmai, Alaska. Ndege ndogo ya majini inakushusha ufukweni, na kabla hujaenda popote unapelekwa darasani kwa askari wa hifadhi. Somo lenyewe: kaa angalau mita 45 kutoka kwa dubu, usikimbie kamwe, ongea au piga makofi njiani asije akashtuka. Na chakula hutembei nacho, ni maji matupu tu. Nami pipi moja ilikuwa imejificha kwenye mfuko wa koti! Nikairudisha stoo mbio mbio (mbio za kistaarabu, maana hapa hakuna kukimbia).

Tukiwa njiani kwenda maporomokoni, dubu jike akatokea na watoto wawili. Tukarudi nyuma polepole, tukampisha. Dakika ishirini nzima tumesimama tu, kisa mama kaamua kulala njiani. Nani atamwamsha?

Kwenye jukwaa la kutazamia dubu watu walikuwa wengi, tukapewa saa moja tu. Lakini saa hiyo! Ni Julai, salmoni wanaruka maji kupanda mto, na dubu mmoja mkubwa kasimama juu ya maporomoko, kinywa wazi, anasubiri. Samaki akaruka, kap! Akambana kwa mguu, akamchuna ngozi kwanza kama mtu anayemenya ndizi. Nikasahau kabisa kupiga picha.