Pole ya meneja si ushahidi

Mkono wangu wa kushoto uko kwenye plasta, kwa hiyo haya naandika kwa kidole kimoja. Makosa mnisamehe.

Wiki tatu zilizopita nilitoka Busia, huku mpakani upande wa Uganda, na basi la alfajiri kwenda Kampala kuchukua mzigo wa vitenge. Kwenye ngazi za akedi moja, jengo la maduka, karibu na Kikuubo, mtaa wa wauzaji wa jumla, kijana wa usafi alikuwa amemwaga maji ya sabuni juu ya tailizi, kisha akaenda kujaza ndoo. Hakuna kibao, hakuna hata ufagio uliolazwa njiani. Nikateleza ngazi nne, vitenge vikanifuata. Watu wote: "Bambi! Pole, nyabo!" Yaani maskini, pole mama. Meneja naye akaja mbio, akaniokotea ndara, akasema pole mara tatu. Moyoni nikasema, huyu amekiri kosa, kesi ninayo.

Binamu yangu ni wakili. Alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, Uganda hii ukijikwaa mwenyewe hata askari wa benki ng'ambo ya barabara atakupa pole. Hiyo si ushahidi."

Akaanza: maji uliyapiga picha? Risiti za eksirei ziko wapi? Miguuni ulivaa nini? Hilo la ndara liliniuma, maana hakimu akiona nami nilichangia, fidia inakatwa.

Kumbe mteja analindwa kuliko mtu aliyejipenyeza tu. Kanuni hiyo ilitokana na fundi wa gesi aliyetumbukia shimoni kwenye kiwanda cha sukari London, kesi iliyoamuliwa 1866. Sheria za Mwingereza zikapokelewa huku 1902. Ningeanguka Busia ya ng'ambo, Kenya wana sheria yao iliyoandikwa kuhusu wenye majengo. Hatua chache tu kutoka kwangu!

Kushtaki nina miaka mitatu (ngazi zingekuwa za serikali, miwili). Ila tailizi zenyewe hazikungoja. Nilipoinuliwa na kuketishwa, kijana alishazikausha.

Amebaki mama wa karanga anayekaa chini ya zile ngazi. Aliona yote, tena alipiga kelele: "Nyabo, maji hayo!" Nilipomwambia binamu, akaweka kalamu chini.

"Alisema kabla hujateleza, au baada?"

Jumanne narudi Kampala kumuuliza.