Siku moja maishani mwangu: ndege, matope na mikoko ya Ghuba ya Mnazi

Siku zangu za kazi hupangwa na bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani hii ya Mtwara, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hupwa hadi mwisho wake saa nne na kitu asubuhi, kisha hurudi na kujaa tena jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mpangilio huo unatufaa kuliko mwingine wowote, kwa sababu ndege wa pwani huonekana vizuri maji yanapotoka na yanaporudi, na katikati ya nyakati hizo mbili matope hubaki wazi kwa saa kadhaa, tukapata nafasi ya kuchimba na kupanda. Ndiyo maana matembezi yetu ya kuangalia ndege na kazi yetu ya kurejesha mikoko hufanyika siku moja, na watu walewale. Nitaeleza Jumamosi moja ya Novemba nikiwa mratibu wa kujitolea wa kikundi cha kijiji chetu, kilichoko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ambayo ilitangazwa mwaka 2000 na ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, sehemu kubwa ikiwa bahari.

Saa kumi na moja alfajiri, baada ya swala, nilianza kuandaa vifaa. Darubini zetu ni chache na zimezeeka, hivyo watu wawili au watatu hupokezana moja. Hewa ya chumvi huharibu vioo na bawaba zake, kwa hiyo kila moja hufutwa kwa kitambaa kikavu cha pamba na kurudishwa kwenye mfuko wake kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Niliweka pia daftari la hesabu, penseli kwa kuwa wino huyeyuka ukiguswa na maji, kamba ndefu yenye fundo kila baada ya mita 1, machepe, majembe na ndoo. Novemba ni mwezi mgumu wa kupata watu. Korosho zinaokotwa na kuanikwa, minada inaendelea, na hakuna mkulima anayependa kuacha korosho zake chini wakati mvua imekaribia. Wanaokuja wakati huu wanastahili heshima ya pekee, nami huhakikisha hawasubirishwi.

Saa kumi na mbili na nusu jua lilikuwa limeshapanda, na tulikuwa tumekusanyika chini ya mkwaju: wanakijiji, wavuvi wawili watatu, watoto wa shule ya msingi na wanachuo waliokuja kwa Noah kutoka Mtwara mjini. Tulimsalimu mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, ambaye ndiye hututangulia njiani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Maji ya leo yana haraka. Mkikaa sana hapa mtakuta ndege wameshasambaa."

Alisema kweli. Maji yanapoanza kutoka, ukanda wa kwanza wa matope unaofunuka huwa mwembamba, na ndege wote wenye njaa hubanana hapo, karibu na macho yetu. Ifikapo saa nne wameshatawanyika juu ya eneo pana kiasi kwamba hata darubini nzuri haisaidii sana. Nilikumbusha masharti yetu machache, yaani kutembea kwa mstari, kunong'ona, kutokimbia, na kutomsogelea ndege aliyeinua kichwa na kuacha kula, kwa kuwa huyo ameshatuona na hatua inayofuata ni kuruka.

Ndani ya mikoko, kwenye tawi lililoinamia mkondo, tulimkuta mdiria. Nilimwomba kila mmoja autazame mdomo wake kabla ya kutazama rangi ya mabawa. Mdiria wa mikokoni ana mdomo mwekundu juu na chini, ilhali yule wa porini anayefanana naye ana wekundu juu na weusi chini. Binti mmoja wa darasa la sita ndiye aliyeuona kwanza, akatupa jibu kwa sauti ya chini kabisa, kisha akaendelea kushikilia darubini hata zamu yake ilipokwisha. Sikumharakisha.

Tulipotoka upande wa baharini, kazi ya kuhesabu ilianza. Sululu walikuwa wametawanyika, kila mmoja akiutumbukiza mdomo wake mrefu uliopinda ndani ya mashimo ya kaa. Vitwitwi wadogo, ambao baadhi yao huzaliana katika tundra ya Siberia na kuja kwetu majira ya baridi ya kaskazini, walikuwa wakikimbia ukingoni mwa maji na kudona bila kupumzika. Wengi wao wakati huu wanabadilisha manyoya ya mabawa, na mwili unaootesha manyoya mapya unahitaji chakula kingi.

Ndege ninayempenda kuliko wote ni yule tunayemwita mla-kaa. Ni mweupe, ana mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha samawati, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa ndege wa umbo lake. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga kandokando ya Bahari ya Arabu, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, na huko huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa pwani wa kundi lake analolifanya. Asubuhi ile tulisimama karibu nusu saa tukimtazama mmoja aliyefuatwa na kinda wake, mwenye mgongo wa kijivu. Kinda alikuwa mkubwa sawa na mzazi na alikuwa ameruka bahari nzima kuja hapa, lakini bado aliinama na kupiga mluzi mwembamba akiomba kulishwa. Mzazi alimkamata kaa, akampigapiga juu ya matope hadi magando yakatoka, akamwachia kinda kiwiliwili. Malezi hayo huendelea kwa miezi mingi baada ya kuondoka walikozaliana, na hii ina maana kwamba matope yetu yanalisha vizazi viwili kwa pamoja.

Saa tatu tulifika mahali ninapopataka kila mgeni apaone. Mbele ya mlilana wa mwisho, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko, matope huendelea wazi mbali kuelekea baharini, na mtu asiyeyajua huyaona kama ardhi iliyokosa miti. Hapo zimesalia fito zilizoinama za upandaji wa mradi mmoja wa zamani. Miche ile ilihesabiwa siku ya kupandwa, ikapigwa picha, na sidhani kama ilihesabiwa tena. Mikoko huota katika nusu ya juu ya mwinuko wa maji, takriban kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi mahali bamvua linapofika. Chini ya hapo mche hufunikwa na maji kwa saa nyingi mno kila siku, mawimbi huutikisa, na vijidudu vya bahari vyenye magamba magumu hung'ang'ania shina hadi uzito wake unauvunja. Fito zile zilisimama mahali ambapo mkoko haujawahi kuota wenyewe tangu babu zetu.

Naamini kwa dhati kwamba matope hayo hayajaharibika na hayahitaji kurekebishwa na mtu. Ndani yake mna minyoo, kaa na kome, na ndege wa pwani huyapenda yakiwa wazi kwa sababu wanaweza kumwona mwewe akiwa bado mbali. Kama miche ile ingeshika, tungekuwa tumeipokonya jamii nzima ya ndege sahani yake kwa jina la uhifadhi. Na si ndege peke yao. Akina mama waliokuwa wakiokota chaza walisimama kutusikiliza, na mmoja wao akawauliza wanachuo: "Wanangu, mkipanda miti hapa, sisi tutaokotea wapi?" Hilo ni swali ambalo kila mradi wa kupanda mikoko ungelipaswa kulijibu kwanza. Matembezi ya ndege kwetu yana faida hiyo: mahali ndege wanapokula kwa wingi tunapaandika kwenye ramani yetu ya mkono, na pale hatupandi.

Tunapofanya kazi ni nyuma zaidi, kwenye majaruba ya chumvi yaliyoachwa. Zamani mikoko ilifyekwa hapo, kingo za udongo zikajengwa ili maji yaingie kwa kipimo na kukauka juani, kisha uchumi wa chumvi ulipobadilika wenyewe wakaondoka na kingo zikabaki. Kwa sababu ya kingo hizo bahari haifiki ndani ipasavyo, na maji machache yanayoingia hukwama, hukauka na kuacha chumvi nyingi kiasi kwamba hata mchu, aina ya mikoko ambayo huvumilia chumvi kuliko wenzake wengi, haustawi. Mwanaikolojia wa Marekani Robin Lewis alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhimiza kwamba, kabla ya kupanda mkoko wowote, mtu aulize kwanza ni kitu gani kinachozuia mikoko kujiotea mahali hapo. Kwetu jibu lilikuwa wazi: ukuta wa udongo usiofika kimo cha kifua cha mtu.

Tulishika machepe saa tatu na nusu. Ridhaa ya serikali ya kijiji na ya wahifadhi tulikuwa tumeipata mapema, kwani mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi na mtu hachimbi humo kwa kujiamulia. Hatukubomoa ukingo wote. Tulichagua kufungua mapengo mawili mahali ulipopita mkondo wa asili, ambao babu aliukumbuka na ambao bado unaonekana kama mstari wa matope meusi laini kati ya udongo mkavu wenye nyufa. Udongo uliochimbwa tuliusambaza pembeni badala ya kuurundika, maana rundo la udongo ni ukingo mpya. Kazi ilikuwa nzito kuliko yote ya siku ile. Jua lilichoma, chepe ilinasa, na watu walipokezana kwa zamu fupi huku watoto wakibeba maji ya kunywa.

Kwenye pengo lililofunguliwa msimu uliopita niliwaita wote wachuchumae. Katikati ya nyufa, bila mtu kupanda chochote, miche ya mchu ilikuwa imeota, kila mmoja na majani mawili manene yanayong'aa, na mingine bado ilikuwa na ganda la mbegu limeng'ang'ania chini ya majani. Mbegu za mchu huelea; zikipata njia ya maji huingia zenyewe na kushika mahali kina kinapozifaa. Mwanachuo mmoja aliniuliza kama tunaweza kuijumlisha miche hiyo katika taarifa yetu. Nilimjibu kwamba ndiyo ya kwanza kuandikwa.

Tulipanda kidogo tu, kando ya mkondo, ambako mbegu za mkoko wenyewe, aina tofauti na mchu, hazifiki kwa urahisi kwa kuwa ni nzito. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka hadi kuwa fimbo ya kijani yenye ncha. Tuliokota zilizodondoka zenyewe, tukazikagua kama hazijatobolewa na wadudu, tukazichomeka theluthi moja ndani ya matope kwa kufuata mafundo ya kamba.

Saa saba tulikula: ugali wa muhogo, kisamvu na samaki wa kukaanga, pamoja na mabibo ambayo kila nyumba ilikuwa nayo ya ziada. Waliokuwa na korosho za kuanua waliaga.

Saa tisa maji yalikuwa yakirudi kwa kasi, na ndege walisukumwa kutoka kila upande hadi kwenye fungu la mchanga ambalo huwa la mwisho kufunikwa. Hesabu hii ya alasiri ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa kuwa ndege wamesimama pamoja, wengi wakiwa na kichwa nyuma ya bawa. Tulikaa mbali, chini ya mivinje. Watatu walihesabu kila aina kivyao bila kuambiana, na namba zilipotofautiana sana tulirudia. Tunafanya hivi kila bamvua tunaloliweza ili Januari itakapofika, mwezi wa hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini ambayo imekuwapo tangu mwaka 1967, watu wetu wawe na mkono uliozoea. Mashua moja ilipita karibu mno na buabua wote wakanyanyuka. Mzee alimpungia nahodha mkono, naye akageuza tanga na kuzunguka kwa nje. Makubaliano hayo na wavuvi yalichukua mazungumzo mengi, na nayathamini sawa na pengo lolote tulilochimba.

Kabla ya maghribi nilirudi peke yangu kwenye majaruba. Bamvua lilikuwa limefika, na maji yalipita katika mapengo mawili mapya, yakaingia hadi nyuma kabisa ya jaruba la pili. La tatu lilibaki kavu. Niliweka kijiti mahali maji yalipoishia.

Usiku, kwa mwanga wa taa ya sola, niliandika taarifa. Fomu tuliyopewa ina nafasi ya idadi ya miche iliyopandwa, lakini haina nafasi ya miche iliyojiotea, wala ya upana wa ukingo uliofunguliwa, wala ya ndege. Nimechora safu hizo kwa rula na kuzijaza, na nimeambatanisha ramani ya matope tusiyoyapanda pamoja na sababu zake. Bamvua la mwezi kuandama tutaanzia jaruba la tatu, kwenye kile kijiti. Babu anasema mkondo wa zamani ulipinda hapo kuelekea kusini, na nimemwomba atuonyeshe kabla hatujainua chepe.