Brandi na pombe za matunda za Ulaya: nilipofika

Awamu hii nimezipanga chupa kwa kigezo kimoja: zilizolala kwenye pipa la mwaloni upande huu, zisizoguswa na mbao upande ule. Mpangilio wa nchi hausaidii sana, kwani Kirsch ya Ufaransa, pombe ya cheri, inafanana zaidi na Kirschwasser ya Ujerumani kuliko na Cognac, brandi ya Ufaransa hiyohiyo.

Cognac na Armagnac, nayo brandi ya Ufaransa, ndizo zimenichukulia muda mwingi. Zote hutoka kwenye mvinyo mweupe, na zabibu aina ya Ugni Blanc imo kotekote. Tofauti inaanzia kwenye mtambo. Cognac hukenekwa (huchemshwa na mvuke wake kupozwa) mara mbili kwenye chungu cha shaba, ikatoka na alkoholi ya asilimia 70 hivi. Armagnac nyingi hukenekwa mara moja tu, kwenye mtambo wa mnara, ikatoka na asilimia 52 hadi 60, kwa hiyo huja na mengi ya mvinyo wenyewe. Cognac yangu ni ya daraja la VSOP, yaani angalau miaka 4 pipani: maua, vanila, ulaini tangu tone la kwanza. Armagnac ina plamu kavu na ukali mzuri unaokaa kooni. Glasi yake niliiacha mezani usiku bila kuiosha, na asubuhi ilikuwa bado inanukia. Mimi nimeshachagua: Armagnac.

Calvados, brandi ya matufaha ya Normandy, Ufaransa, nitairudia nikipata aina yake ya Domfrontais, ambayo sheria inataka iwe na pea angalau asilimia 30.

Upande usio na mbao, Kirschwasser ni nyeupe kama maji, lakini inanukia lozi. Harufu hiyo inatoka kwenye kokwa za cheri zinazochacha pamoja na tunda. Kokwa hizohizo hutoa pia sianidi kidogo, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: gramu 7 kwa hektolita (lita 100) ya alkoholi halisi. Himbeergeist, pombe ya rasiberi, ni habari nyingine. Rasiberi hazina sukari ya kutosha, basi hulowekwa kwenye pombe isiyo na ladha, kisha ndipo hukenekwa. Harufu ni tele, mdomoni nyepesi mno kwangu.

Šljivovica ya Serbia, pombe ya plamu, ambayo utamaduni wake uliingia orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2022, inavuka mpaka niliouweka: ipo nyeupe, ipo ya dhahabu iliyokaa pipani. Natafuta zote mbili za mtengenezaji mmoja, nizionje bega kwa bega kabla sijagusa grappa, pombe ya Italia ya makapi ya zabibu.