Kumbukumbu ya mradi: taswira ya mbegu haikatiki tena pumzi inapoingia

Zoezi la kuona akilini mbegu ikiota huku ukitamka mantra (sauti takatifu inayorudiwarudiwa) limekubali. Mbegu inavimba, inachipua, inatoa jani baada ya jani, na mantra inaendelea chini yake bila taswira kukatika pale pumzi inapoingia. Fundo lilikuwa hapo, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu. Mkao, kulegeza mwili na kuchagua saa mnayajua.

Mpangilio ni ule wa irabu za Samael Aun Weor, mwalimu wa mafundisho ya Kignosi (elimu ya siri ya kiroho) wa karne ya 20, I-E-O-U-A: I kichwani, E kooni, O moyoni, U tumboni, A mapafuni. Kwa zoezi la mmea natumia O peke yake. Kuhama kituo kila pumzi kunakula umakini ambao mmea unauhitaji wote, kwa hiyo anayependa kuzungusha irabu zote tano aziwekee kikao chake.

Tatizo liko hivi. O inatoka vizuri, taswira imetulia. Sauti inaisha, pumzi inaingia, picha inazimika kama koroboi iliyopigwa na upepo. O inayofuata inakukuta unaijenga picha upya kutoka kwenye udongo. Kikao kinaisha umepanda mbegu mara chungu nzima na hujaona hata jani. Wengi wakifika hapa huuacha mmea na kurudi kwenye zoezi la kuuwazia mshumaa, na ni hasara, kwa sababu mshumaa haukui.

Sababu ni tatu, na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni kukamua pumzi. Ukiivuta O hadi tone la mwisho, mwili unashtuka, mabega yanapanda, koo linatoa mlio, na umakini wote unakimbilia kifuani. Katiza O wakati theluthi ya pumzi bado imo. Kama uwezo wako wa juu ni sekunde 12, ishia 8. Kipimo chake ni rahisi: sauti ikishakoma, je, unaweza kukaa sekunde mbili bila kutamani hewa? Kama huwezi, bado unakamua. Na wale wanaojaza kifua haraka haraka ili O iwe ndefu watapata kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Hiyo ni kabonidioksidi kupungua kwenye damu. Haina uhusiano wowote na chakra (vituo vya nguvu mwilini) kufunguka. Ikitokea, acha sauti, pumua kawaida hadi iishe.

Ya pili ni macho. Nyuma ya kope yanaikimbiza picha, paji la uso linakunjamana, na kila mtikisiko wa mwili unaisogeza picha. Yaache macho yalegee kama ya mtu aliyeanza kusinzia, kisha uihamishe picha kutoka mbele ya paji la uso na kuiweka kifuani, pale pale O inapotetemeka. Usidai iwe kali kama picha ya kamera. Inatosha ujue kwamba jani lipo, limeelekea wapi, na upande gani una unyevu.

Ya tatu ndiyo sugu: ukaguzi. Katika ule ukimya kati ya sauti na sauti, akili inauliza, "Bado ipo?" Swali hilo ni maneno, na maneno yakiingia picha inatoka. Huwezi kulikataza, maana katazo nalo ni maneno. Dawa ni kuunyima ukimya nafasi ya kukaa bure. Pumzi inapoingia, maji yanapanda: udongo, mzizi, shina, hadi ncha. Pumzi inapotoka na O, mmea unakua hatua moja tu. Hakuna sehemu ya mzunguko isiyo na kazi, na mkaguzi anakosa pa kusimama. Badiliko hili moja lilifanya zaidi ya mengine yote.

Mmea wenyewe uwe haragwe. Waridi linapendwa sana, lakini ni wachache waliowahi kuliona likiota kutoka kwenye mbegu, na akili isiyo na malighafi inachora katuni. Weka haragwe kwenye pamba yenye maji ndani ya glasi, ulitazame kila siku. Ganda linakunjamana kwanza, ndipo linajaa na kupasuka karibu na lile kovu la pembeni. Mzizi mweupe unatangulia, unapinda kuelekea chini. Shina linatoka limejikunja kama ndoano, linayaburuta yale mapande mawili ya mbegu, kisha linanyooka na mapande yanaachana. Ukishayaona haya kwa macho ya nje, kifuani yanakuja yenyewe.

Hatua ziwe 22, kuanzia mbegu kavu hadi maganda makavu. Idadi hiyo nimeitoa kwenye maandishi ya kale: mojawapo ya kodeksi (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) zilizopatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, ina mistari ya irabu, kila irabu ikirudiwa mara 22. (Anayedai kwamba mpangilio wa I-E-O-U-A umetoka huko moja kwa moja aangalie tena. Irabu zilizomo humo ni za Kigiriki, nazo ni saba, na Irenaeus, aliyekuwa askofu wa Lyon karne ya 2, anaeleza mafundisho ya Marko, mwalimu wa Kignosi, ambamo kila mbingu kati ya saba inatoa irabu yake, kuanzia alfa hadi omega.) Kwa sekunde 8 za kutoa na 4 za kuvuta, duru moja ni kama dakika nne na nusu. Huhesabu chochote, ulipofika kwenye mmea ndiyo hesabu. Ndiyo maana shanga nimeziweka kando, maana kidole kinachosogea kinauvuta umakini mkononi.

Duru ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa mnong'ono, ya tatu moyoni. Hiyo ya tatu ndiyo mtihani. O ya moyoni haitegemei hewa, kwa hiyo isiruhusiwe kuiga pumzi. Ikiiga, pengo linarudi vile vile. Iache iwe uzi mmoja unaopita ndani ya kutoa na kuvuta bila kujali. Hapo usingizi unakuja, na unatakiwa uje: bila lepe la usingizi unabaki kuwaza tu. Dalili njema ni picha kuanza kufanya usichoiagiza, jani linageuka, mdudu anatambaa shinani. Fuatana nayo maadamu O inasikika. O ikipotea, hiyo ni ndoto. Anza hatua uliyokumbuka mwisho.

Kuhusu vifaa, mantra zilizorekodiwa sizitaki kabisa kwa zoezi hili, kwa kuwa pumzi iliyomo ni ya mtu mwingine. Programu ya simu inayoonyesha kimo cha sauti inafaa mwanzoni: sauti ikiteremka kuelekea mwisho wa O, unakamua. Ukishalijua hilo kwa sikio, izime.

Baada ya hapa mpango ulikuwa FA-RA-ON, mantra nyingine ya Samael, kitandani pamoja na taswira ya piramidi. Nimeuahirisha, kwa sababu mmea ukishanyooka unazoeleka na kujiendesha wenyewe huku akili iko kwingine, na nimegundua kwamba kuurudisha nyuma, kutoka maganda makavu hadi mbegu, kunaivunja tabia hiyo papo hapo. Ni nguvu ile ile ya kuipitia siku kinyumenyume kabla ya kulala.

Inakwama kwenye ua. Badala ya kujikunja kuwa tumba, linatoweka. Sababu naiona: maji sasa yanapaswa kushuka, ilhali mwili unaihisi pumzi inayoingia kama kupanda, na vitu hivyo viwili vinagombana. Nimebadilisha zamu, maji yanashuka na O, petali zinajifunga pumzi inapoingia. Ua linafunga, ila sekunde 4 hazitoshi, petali za mwisho zinafunga kwa pupa. Kinachofuata ni kuirefusha pumzi ya kuingia hadi sekunde 6 bila mabega kunyanyuka, na kuigawa hatua ya ua iwe mbili.