Macho ya viganjani, Dazu

Niliondoka Chongqing alfajiri kwa treni ya mwendokasi kwenda Dazu. Watu huenda huko kuona sanamu zilizochongwa mwambani. Mimi nilivutwa na jambo jingine pia: ndiko ilikoanzia habari ya mvulana wa miaka 12 ambaye gazeti la mkoa wa Sichuan, Machi 1979, liliandika kwamba anasoma kwa sikio. Unaandika neno kwenye karatasi, unaikunja, unamwekea sikioni, naye anakutajia.

Haukupita muda, watoto wa namna hiyo wakajitokeza sehemu nyingi za China, wengine wakisoma kwa kwapa. Siku hizo hizo mazoezi ya chi, nguvu ya uhai ambayo Wachina husema inapita mwilini, yalikuwa yanarudi bustanini baada ya kupigwa vita wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao Zedong ya kufuta mila za kale. Mambo hayo mawili yakafungwa kamba moja: chi ikikolea, ilisemwa, mtu huona yaliyofichika. Hata Qian Xuesen, baba wa roketi za China, aliunga mkono utafiti huo.

Kwenye uwanja mmoja mjini nikakuta wazee wakifanya Baduanjin, mazoezi ya mikao minane. Bibi mmoja akanishusha mabega kwa vidole viwili. “Usikaze, mwanangu. Pumua.” Nikainua mikono kama ninayebeba mbingu, nikaishusha taratibu, tena na tena, mpaka viganja vikaingia joto. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo chi. Akaitikia kwa kichwa. Na kuona kwa masikio je? Akapiga goti lake kofi: “Mimi nataka hili tu linipandishe ngazi.”

Mwaka 1988 wachunguzi wa kigeni, akiwemo James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akifichua madai ya miujiza, walimweka bingwa wa chi aliyedai kumtikisa mtu kwa mbali chumba kimoja na mgonjwa wake chumba kingine. Mgonjwa alijipindapinda kweli, ila mipindo yake haikulingana na nyakati ambazo bingwa alikuwa akituma nguvu. Naliamini jaribio hilo. Naliamini pia joto la viganja vyangu, na sioni kwa nini moja limfukuze mwenzake.

Mchana nikapanda Baodingshan, mlima wenye sanamu zile za mwambani. Sanamu ya Guanyin wa Mikono Elfu, mwenye huruma katika imani ya Kibudha, ina mikono 830, inayong'aa dhahabu tangu ukarabati ulipokamilika mwaka 2015, na katika kila kiganja mna jicho. Mafundi wa enzi ya Song walilichonga zaidi ya miaka 700 kabla mvulana yule hajazaliwa. Nikasimama nikiwaza kama bibi yake aliwahi kumleta hapa, akamwambia ahesabu macho.