Tramadol ilinikatia siku zangu, na namna zilirudi

Mie nauzaka ndakala, zile samaki ndogo za kukausha, ku soko ya Kadutu, na mwenye anajua Bukavu anajua ile mupando na mufuko ku mugongo. Mugongo ilipoanza kuniuma vibaya, dada mwenye tunauza pamoja akanipatia tramadol, komprime ya maumivu. Ya kwanza nilisikia kama mutu amenitosha mufuko ku mabega. Nikazoea, moja asubuhi moja mangaribi, kisha mbili mbili, na kule farmasi ya barabarani hawakuniuliza hata karatasi ya munganga.

Miezi mitatu siku zangu zikakatika. Nikasema mimba, nikapima, hapana, nikapima tena, hapana, bwana naye anahesabia ku vidole tu. Na asubuhi kuamuka ilikuwa vita, wakati ni asubuhi njo ndakala inashuka.

Munganga alituma damu yangu wapime homoni, kisha akaniuliza: mama, komprime gani unameza? Nikamwambia. Akachukua biki akachora kichwa nyuma ya ordonansi. Kumbe mwili iko na dawa yake yenyewe, endofini na enkefalini, na kazi yake haiishie ku maumivu, ni breki ya homoni pia. Bongo inatuma alama ya uzazi kama mapigo, mwanzo wa mzunguko ni kila dakika 60 mpaka 90 hivi, kisha yai kutoka, breki inabana zaidi, mapigo yanapungua, na hiyo ni kawaida. Hata kortizoli, homoni ya kuamusha mwili, yenye inapandaka asubuhi na kushuka usiku wa manane, inaguswa na hiyo breki. Sasa tramadol, akasema, inakaa ku kiti ya endofini. Na vile unameza asubuhi na mangaribi, kiti haibaki wazi, breki imebanwa usiku na mchana. Hapo njo nilielewa hata ile uchovu yangu.

Hakunikubalia kuacha siku moja, akasema ningeona moto. Tulipunguza pole pole wiki sita, na hata vile nililala na jasho, pua inatiririka kama mutoto, hasira mpaka watoto walinikimbia. Mufuko nikampa mupagasi abebe, pesa iliniuma, basi.

Mugongo ingali inauma wakati ya mvua. Lakini mwezi wa pili kisha kuacha, nikiwa ku meza yangu pale soko, siku zikarudi, na kwa furaha nikamwongezea mteja gobeleti nzima ya ndakala ya bure, akaniangalia kama nimerukwa akili.