Kipande cha Ndala

Februari 2012 nilikuwa na miaka 22 na nilijiona fundi kamili. Gereji yetu ilikuwa Unga Limited, Arusha: uwanja wa vumbi, mwarobaini mmoja, na Land Cruiser nne tano zisizo na milango. Tajiri mmoja wa magari ya utalii akaleta yake, ya injini ya dizeli ya 1HZ, imerefushwa na kuwekewa paa la kuinuka. Wageni wake walikuwa wanakwenda Ndutu kupiga picha nyumbu wakizaa. Alitaka friji, alitaka pa kuchajia kamera, na mbele afungiwe spoti mbili, zile taa kali za kumulika mbali. Spoti zenyewe niliona ni urembo tu, maana kule Ndutu usiku watalii hawakuruhusiwa kuzurura na gari. Lakini tajiri akishasema amesema.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa Moshi, msibani. Kazi ikawa yangu peke yangu.

Niliifanya kwa mapenzi. Spoti mbili za wati 100 kila moja zinakula karibu ampea 17, na swichi ndogo ya dashibodi ukiipitishia mzigo huo inayeyuka. Kwa hiyo nikafunga rilei, swichi kubwa inayowashwa na swichi ndogo: mguu wa 30 kwenye betri, wa 87 kwenye taa, wa 86 kwenye swichi, wa 85 kwenye bodi, yaani chuma cha gari kilichoungwa na hasi ya betri. Swichi iagize, rilei ibebe. Hilo Mzee alikuwa ameniimbia miaka miwili. Kisha nikapanga paneli ya swichi sita zenye vitaa vyekundu, ingawa zilizokuwa na kazi ni tatu. Jioni nilikaa kwenye kiti cha dereva nikaziwasha zote na kuzizima, nikaziwasha tena. Nilijihisi rubani.

Mwisho nikavuta waya wa milimita 6 kutoka betri, ukapita kwenye ukuta wa injini, ukaenda chini ya zulia mpaka nyuma kwenye friji na inveta ya kuchajia kamera. Huko nyuma nikaweka fyuzi ya ampea 30. Hesabu yangu ilikuwa fupi: fyuzi inalinda friji, basi ikae na friji. Tundu la ukutani nilitoboa kwa drili. Raba ya kuvalisha tundu nikatafuta kwenye boksi, hakuna. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Nikazungushia waya tepu nyeusi mara nne, nikasema imetosha.

Dereva alipokuja kulichukua gari hakuisifu paneli. Alifungua boneti, akatoa spana ya namba 10 mfukoni, akaifunga kwa kamba ya manila pembeni ya betri ikaning'inia. Nikacheka.

"Sasa hiyo ni hirizi, kaka?"

"Nati za betri ni za kumi, dogo," akajibu, akafunga boneti.

Tajiri akataka niende nao siku mbili za mwanzo, nione kama vitu vinafanya kazi. Tukapita Mto wa Mbu, Karatu, geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, tukala ukungu wa ukingo wa kreta, tukateremka upande wa pili kuelekea njia ya kwenda Olduvai. Wanaoijua barabara ile wanajua ninachosema. Imejikunja kama bati, na gari linatetemeka mpaka unasikia meno yako. Friji ilikuwa inaimba nyuma, kamera mbili zinachaji, na mimi nimekaa mbele kushoto kama mwenye gari.

Harufu ilikuja kwanza. Nilidhani kuna watu wanachoma takataka, nikatazama nje: hakuna boma, hakuna mtu, ni nyasi mpaka macho yanachoka. Halafu moshi mwembamba mweupe ukatoka chini ya dashibodi, karibu na goti langu.

Dereva aliweka gari pembeni na boneti ikawa juu kabla sijajua mlango unafunguliwaje. Waya wangu ulikuwa unatoa mapovu. Plastiki nyekundu ilikuwa inavimba na kupasuka taratibu, kama ngozi ya maziwa jikoni. Nikadaka spana iliyoning'inia nikaenda nayo kwenye chanya. Akanipiga kofi la mkono.

"Hasi! Anza na hasi! Unataka spana iguse bodi tuungue wote?"

Akailegeza nati ya hasi mwenyewe, mizunguko mitatu, akang'oa kichwa cha waya. Mapovu yakakoma. Kisha akafuta mikono na kuwaambia wageni, kwa Kiingereza kilichotulia kabisa, kwamba tumesimama kidogo watazame swala tomi. Walikuwepo kweli, kumi na tano hivi. Wageni wakainua kamera.

Sisi tukalala chini ya dashibodi. Ukingo wa tundu nililotoboa ulikuwa umeng'ata mizunguko yote minne ya tepu, ukala plastiki, ukafika kwenye shaba, na shaba ikagusa bodi. Shoti ya moja kwa moja kutoka betri. Nikakimbilia nyuma kuitazama fyuzi. Ilikuwa nzima, inang'aa kama siku niliyoinunua. Umeme wa shoti haukufika kwake hata kidogo. Uligeukia njiani, mita tatu kabla yake.

"Fyuzi inalinda nini?" dereva akauliza.

Nikanyamaza.

"Waya, dogo. Friji ina fyuzi yake ndani."

Tukakata sehemu iliyoungua, tukaunga, tukaihamisha fyuzi ikakaa kiganja kimoja kutoka betri. Ikabaki raba. Akavuta ndala yake ya bluu chini ya kiti, akaikata kisigino kwa kisu cha mpishi, akachonga duara, akalitoboa katikati na kulichana upande mmoja lipokee waya. Likaingia kwenye tundu likabana. Tulifika Ndutu jua likiwa bado juu, na friji ilibaridisha siku zote tano.

Gari liliporudi gereji Mzee alikuwa ametoka msibani. Nilimweleza yote, maana dereva alikuwa amesimama pale pale na ndala yake isiyo na kisigino. Mzee akainama, akakibonyeza kile kipande cha bluu kwa kidole gumba. Hakikucheza.

"Hiki kiache," akasema. Kisha: "Nikiwa sipo umetoboa magari mangapi?"

"Mawili mengine, Mzee."

Akavua ndala yake ya kushoto, akaiweka juu ya bonge la injini lililokuwa mbele yangu, akaenda zake mguu mmoja peku chini ya mwarobaini kunywa chai.